Kigari kilichogoma jirani ya mvuke wa Olkaria

Mwendo wa takriban kilomita 90 kutoka Nairobi humfikisha msafiri Naivasha, mji ambao wengi huujua kwa samaki na maua. Lakini ukiiacha barabara kuu na kuifuata ile ya Moi South Lake, inayopita upande wa kusini wa ziwa, unaingia katika mandhari mengine kabisa. Huku kuna mashamba ya maua na mitaa ya wafanyakazi kama Karagita, kule kuna migunga yenye magome ya manjano, na mbele kidogo kuna njia ya kuingilia Mbuga ya Hell's Gate.

Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka wa 1984, ni miongoni mwa chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Nyuma ya majabali yake mekundu hupanda kitu cheupe ambacho watoto wa mjini hudhani ni moshi. Ni mvuke. Visima virefu vimechimbwa Olkaria hadi kwenye miamba ya moto, na mvuke utokao humo umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka wa 1981.

Ajabu ni kwamba, si mbali na chimbuko hilo la umeme, kigari cha umeme kilikuwa kimekaa majuma matatu bila kusonga hata hatua moja.

Kigari chenyewe ni cha kambi ndogo ya wageni iliyo kando ya ziwa. Ni kikuukuu, hakina milango, na magurudumu yake ni manene ya kukanyagia ule udongo wa majivu ya volkano unaotifuka kama unga. Kazi yake ni kuwabeba wazee na wagonjwa wa miguu kutoka langoni hadi ufuoni. Dereva wake, mzee wa makamo mwenye watoto wawili katika shule ya upili, alikuwa na kila sababu ya kukosa usingizi. Mwenye kambi alikwisha kuambiwa kwamba betri zote sita zimekufa. Alipopigiwa hesabu ya mpya, akasema ni heri kigari kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kigari kikienda, na kazi ya dereva imekwenda.

Jumamosi hiyo aliitwa fundi kutoka Karagita, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni pampu za maji za mashambani.

"Mzee, kilianzaje?" aliuliza kabla ya kugusa chochote.

"Kilianza kwa kukwamakwama, kijana wangu. Leo kinakwenda, kesho kinakataa. Halafu kikanyamaza kabisa."

Fundi alitikisa kichwa. Betri zilizochoka, alieleza, humaliza nguvu polepole. Kigari huwa kizito mlimani na safari hufupika. Kinachokwenda na kukataa ghafla mara nyingi kina kasoro mahali waya unapoungana.

Alivua saa na pete, kwa maana chuma kikigusa ncha mbili za betri hutoa cheche, na betri zinapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Akapima betri moja moja. Kila moja ni ya volti 6, na zote zimefuatanishwa kutoa volti 36. Mita ilionyesha zaidi ya volti 6 kwa kila moja. Kumbe hazikuwa zimekufa!

Akamwomba mzee awashe ufunguo na kukanyaga pedali. Chini ya kiti kikasikika kishindo kidogo, ta! ta! ta!, kama kuku anayedonoa bati. Hiyo ni swichi kubwa inayofungulia mota umeme. Kulia kwake kulionyesha kwamba ufunguo na pedali ni vizima, lakini kuachia kwake kulionyesha kwamba umeme unapotea njiani.

Basi akaweka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri na nyingine juu ya kishikio cha waya, akisogea kiungo hadi kiungo huku mzee akikanyaga. Penye kiungo kizuri mita haitikisiki. Kati ya betri ya tatu na ya nne, mshale uliruka. Waya huo kwa nje ulionekana mzima, lakini chini ya mpira wake shaba ilikuwa imeliwa na asidi na kugeuka unga wa kijani.

Alifungua nyaya, akaosha vichwa vya betri kwa maji yenye magadi ya kuokea, akavisugua kwa brashi ya waya, akaweka waya mpya na kupaka mafuta ya mgando. Betri moja aliyoikuta na maji machache aliiongezea maji yaliyosafishwa, wala si ya bomba. Kisha akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuzuia ya mbele kwa mawe, ili kigari kisije kikamruka mtu. Pedali ilipoguswa, magurudumu yalizunguka.

Hakumficha mzee ukweli: betri hizo ni za zamani na siku zake zinahesabika. Ila zitakapobadilishwa zibadilishwe zote pamoja, kwani mpya ikiwekwa kati ya kuukuu huchakazwa upesi.

Jioni hiyo abiria wa kwanza alikuwa nyanya aliyeletwa na wajukuu wake kutoka Nairobi, na ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea mbali. Kigari hakina ngurumo, hivyo kilisimama mbali salama na viboko wakaendelea kutoka majini kwenda malishoni bila kushtuka.

Wewe msomaji huenda huna kigari, lakini una betri ya gari, ya sola au ya pikipiki. Kabla hujainunulia mwenzake, kagua viungo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.