USIMFUNGIE KIFUNGO UPESI



Leo asubuhi ulivaa shati ukafunga vifungo vyote bila kuvihesabu. Ulifungua chupa ya maziwa, ukakamua kitambaa, ukashika simu na kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa. Hukumshukuru Mungu kwa lolote kati ya hayo, kwa sababu hukujua kwamba ni kazi.

Muulize aliyepata kiharusi. Damu ikizibiwa njia, au mshipa ukipasuka, upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ndio hulegea. Mara nyingi mguu hutangulia kupata nguvu. Watu wakimwona anatembea wanasema amepona. Kumbe nyumbani vidole vinajikunja vyenyewe, na kifungo cha kwanza kinamshinda.

Kuna baba mmoja ninayemtembelea, fundi wa kushona. Aliniambia, "Pasta, kurudi kwenye cherehani nimemwachia Mungu. Mimi naomba tu nifunge zipu yangu bila kumwita mtoto."

Mpendwa, hilo si ombi dogo. Hiyo ni heshima ya mtu.

Soma Luka sura ya 6. Yule mtu aliyepooza mkono, Luka anasema ulikuwa wa kulia. Wengine siku hiyo walikuwa wakiangalia sheria ya sabato. Yesu aliuangalia mkono. Tena hakumnyoshea. Alimwambia aunyoshe mwenyewe.

Hapo pana somo kwetu tunaouguza. Mkono hujifunza upya kwa kutumika, tena na tena: kukunja taulo, kushika kikombe, kuokota maharagwe moja moja kwenye sahani. Ukimfungia vifungo kwa sababu mnachelewa ibada, umemnyang'anya zoezi lake. Amkeni mapema kidogo. Mwache ajaribu, na akichoka, msaidie bila kelele.

Akivaa shati, aanze na mkono ulio dhaifu. Akila, weka kitambaa chenye unyevu chini ya sahani isiteleze. Akiinuka, usimvute kwa mkono uliolegea, bega litaumia.

Na kanisani, tukisema inueni mikono, yeye akiinua mmoja, usimpime imani. Mhudumu wa Meza ya Bwana, usimpe mkate na kikombe kwa pamoja. Simama naye amalize kimoja, ndipo umpe cha pili. Hakuna haraka mbele za Bwana.

Nawe unayepona, usitupe dawa za presha kwa sababu umeombewa. Maombi na dawa havigombani. Nenda kwa mtaalamu wa mazoezi, fanya alichokuagiza, kisha piga magoti, au omba ukiwa umeketi. Kidole kikisogea kidogo tu, huo ni ushuhuda. Usingoje mkono wote ufunguke ndipo ushukuru.

Wiki hii mtafute mmoja anayepona umtembelee. Usiende na mahubiri marefu. Keti, mngoje amenye ndizi yake mwenyewe, hata ikichukua dakika 10.

Baba, ikumbuke mikono iliyolegea, na utupe sisi wenye nguvu subira ya kungoja. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha inuka uende.