Tarishi Ndiye Aliyejua

Simu za Industrial Area, Nairobi, zilikuwa na wimbo mmoja: "Fundi, mashine imekataa." Nilishuka matatu Lunga Lunga Road, mfuko wa bisibisi begani, nikamkuta meneja anazunguka mashine ya fotokopi na karani ananyoosha karatasi zilizojikunja kama kodiani.

Mimi nilimtafuta tarishi kwanza. Yeye ndiye aliyejaza trei na kuchomoa karatasi zilizokwama, kwa hiyo nilimuuliza: inakwama wapi? Ikigoma kutoka kwenye trei, rola ya kuvuta imechoka au imeshika vumbi. Zikiingia mbili mbili, kile kipande cha kutenganisha karatasi kimelika. Ikijikunja kwenye rola za joto, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Kwenye kiwanda kimoja cha kusaga mahindi nilikuta rola imevaa unga, mpira wake laini, kidole kinateleza. Niliipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikiizungusha polepole, mpaka ule weusi ukarudi na mpira ukaanza kung'ang'ania ngozi ya kidole. Wenzangu walipenda dawa kali. Dawa kali hukausha mpira, na baada ya muda mfupi unaitwa tena.

Mvua za Machi hadi Mei zilipoanza, niliiacha mashine nikaomba kuonyeshwa stoo. Rimu zilikuwa zimelazwa sakafuni, zimeegemea ukuta, nyingine zimechanwa na kuachwa wazi. Karatasi hunywa unyevu. Pembe zinapinda, zinashikana. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, kila lawama ya mashine kukwama iliangukia karatasi za kutoka nje. Zilionewa, nyingi zilikuwa nzuri tu zilipofika.

Nilifungua rimu kavu, nikaipepeta, nikagonga kingo mezani zilingane, nikasogeza vizuizi vya trei viguse karatasi bila kuibana. Nakala zikaanza kumiminika.

Kisha akaja mhasibu. "Umebadilisha spea gani?"

"Hakuna."

"Sasa tunalipia nini, fundi?"

Nikaandika kwenye kadi ya kazi: karatasi zina unyevu, inueni rimu kutoka sakafuni. Tarishi alikuwa ameshaenda sehemu ya kupakia mizigo kutafuta mbao. Mhasibu alitia sahihi akinung'unika, akakata pesa ya nauli.