Nasikia, lakini sisemi

Kwetu ukimwuliza mtu kama anajua lugha fulani, mara nyingi atakujibu: «Naisikia, lakini sisemi.» Maana yake anafahamu yanayosemwa, ila ulimi wake hauko tayari kujibu. Nilidhani ni neno la kwetu peke yetu. Kumbe Waturuki nao wanalo, tena wanalisema sana wakiulizwa habari za Kiingereza. Leo nitawasimulia jinsi nilivyolipata neno hilo kutoka kwao, na jinsi lilivyonishitaki mimi mwenyewe niliye mwalimu.

Mdogo wangu yuko Ankara, mji mkuu wa Uturuki. Alikwenda kusoma uinjinia, na mwaka wa kwanza alijifunza Kituruki tu. Chumbani alikaa pamoja na kijana Mturuki, mtoto wa mkulima. Kijana huyo alikuwa amemaliza masomo ya kilimo, naye alitaka kuendelea mpaka udaktari. Udongo aliujua, mbegu alizijua, magonjwa ya mimea aliyajua. Mlango mmoja tu ulikuwa umefungwa mbele yake, nao ni Kiingereza. Maana kule, anayetaka masomo ya udaktari sharti kwanza apate alama 55 juu ya 100 katika mtihani wa lugha ya kigeni, na vyuo vingine hudai zaidi.

Mtihani huo huitwa YDS. Unapangwa na ofisi ya serikali iitwayo ÖSYM, nao ulianza mwaka 2013 mahali pa mitihani miwili ya zamani, mmoja wa watumishi wa serikali, mwingine wa watu wa vyuo vikuu. Una maswali 80. Kila swali lina majibu matano, nawe unatia alama kwenye moja tu. Jibu la haki ni alama 1.25, yote 80 yakiwa ya haki, ni alama 100. Anayekosea hapunguziwi kitu.

Kijana yule alikuwa ameufanya mara tatu. Mara ya tatu alipata 52.5. Pigeni hesabu: alijibu vema maswali 42, na alihitaji 44. Maswali mawili tu yalimzuia. Baba yake, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, alikuwa akimwuliza kwa simu: «Mwanangu, maswali mawili, ndiyo nini hayo?»

Mdogo wangu alijua kwamba jioni mimi huwafundisha vijana wa parokia Kiingereza kidogo. Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wanakitaka. Basi akampa msafiri mmoja kitabu cha maswali ya miaka iliyopita aniletee, na barua ndani yake: «Yaya, wewe uliyesoma seminari, utusaidie.»

Usiku huo niliwasha taa, nikaweka saa mezani, nikaanza kujipima. Maswali sita ya kwanza ni ya maneno. Kumi yanayofuata ni ya sarufi: nyakati za vitendo, vineno vidogo kama «in» na «by», na viungo kama «although» na «unless», ndivyo «ingawa» na «isipokuwa» vyetu. Kisha vinakuja vifungu vyenye mapengo, na sentensi zilizokatwa nusu ambazo lazima uzimalize. Maswali 20 ni ya kusoma vifungu vya elimu: magonjwa, historia, uchumi, viumbe. Mbele kidogo kuna mazungumzo ya watu wawili, maneno ya mmoja wao yametolewa, nawe uyatafute. Mwisho unapewa kifungu chenye sentensi moja isiyopatana na nyingine, uitoe kama jiwe katika mchele. Lakini hakuna swali hata moja la kusikiliza, wala la kusema, wala la kuandika sentensi yako mwenyewe.

Katikati kuna maswali sita ya kutafsiri: matatu kutoka Kiingereza kwenda Kituruki, na matatu kutoka Kituruki kwenda Kiingereza. Hapo nilikwama. Nikampigia mdogo wangu simu, naye akanifundisha jioni nyingi.

Kwanza nilifurahi, maana nilikutana na ndugu wa zamani. Kituruki kilipokea maneno mengi ya Kiarabu kama Kiswahili kilivyopokea. Kitabu kwao ni kitap, kalamu ni kalem, saa ni saat, dakika ni dakika, habari ni haber, dunia ni dünya. Hata mtihani wenyewe, wazee wao waliuita imtihan. Tena walichukua kwa Wafaransa kama sisi: şoför wao ndiye shofere wetu.

Kisha nikaona jambo lingine. Sisi tunasema «hatutaona», neno moja tu. Wao wanasema «görmeyeceğiz», neno moja tu. Ndani yake gör ni kuona, me ni kukana, yeceğ ni wakati ujao, iz ni sisi. Sisi tunafunga mizigo mbele ya kitendo, wao wanaifunga nyuma. Lakini Mwingereza hutawanya mizigo hiyo: «we will not see», maneno manne. Basi Mturuki akitafsiri, ni kama mtu anayefungua furushi moja na kupanga vitu vyake chini kimoja kimoja, tena kwa utaratibu wa mwenye nyumba, si kwa utaratibu wake.

Utaratibu huo ndio mgumu. Sisi tunasema: «Simjui mtu aliyekuja jana.» Mwingereza hupita karibu njia hiyohiyo. Lakini Mturuki husema: «Dün gelen adamı tanımıyorum», yaani, neno kwa neno, jana aliyekuja mtu simjui. Kitendo kikuu kinangoja mwisho. Sentensi ikiwa ndefu, yenye «ambaye» tatu ndani yake, msomaji lazima aigeuze yote, kichwa chini miguu juu.

Tena yako mambo ambayo lugha moja hupambanua na nyingine haipambanui. Mturuki husema «geldi»: amekuja, nami nathibitisha. Akisema «gelmiş», maana yake amekuja, lakini mimi nimeambiwa, au nimeona dalili tu. Sisi tungesema: «Kumbe amekuja», au «Nasikia amekuja». Jibu la Kiingereza lisilo na hiyo «nasikia» limegeuza uvumi kuwa ushahidi. Mbele ya hakimu, kosa la namna hii laweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Na mtego huu je? Mturuki aliyehamia Ankara miaka mitano iliyopita, na angali akikaa huko, husema kwa lugha yake: «Miaka mitano nakaa Ankara.» Nasi tunasema vilevile, na Mfaransa pia. Lakini Mwingereza hakubali wakati uliopo hapo. Anadai «I have been living». Swali lilipouliza jambo hilo, mimi niliyesoma miaka mingi kwa Kifaransa nilianguka pamoja na Waturuki.

Basi nikafahamu kwamba waliotunga mtihani si wajinga. Wanajua mahali Mturuki anapojikwaa, wanamtegea papo hapo. Swali lililotungwa kwa ajili ya watu wa dunia nzima lisingeweza kumpima hivi. Anayempima mtu katika kutafsiri lazima ajue pia lugha aliyonyonya mtu huyo kwa mama yake. Tena mtihani wa kuchagua una haki yake. Maelfu ya watu hufanya siku moja, na mashine husahihisha. Mashine haina shemeji, haipokei zawadi, haiulizi umetoka kabila gani. Ninyi mnaosoma mnajua thamani ya jambo hilo.

Lakini penye mtego, mnyama naye hujifunza njia ya kuupita. Kijana yule alikuwa amefundishwa ujanja wa kutafsiri bila kufahamu. Usisome sentensi yote. Tafuta kitendo kikuu: katika Kiingereza hakiko mbali na mwanzo, katika Kituruki kiko mwisho. Linganisha wakati wake. Futa majibu yasiyolingana. Mara nyingi yatabaki mawili, au moja. Nilijaribu, nikapata maswali mawili kati ya matatu ya Kituruki, mimi ambaye Kituruki changu chote ni kitap na kalem! Niliona haya, kama mtu aliyelipwa mshahara wa kazi asiyoifanya.

Siku moja mdogo wangu alimpa kijana simu. Nikamwuliza kwa Kiingereza, pole pole: «Kwenu baba yako analima nini?» Swali rahisi, tena la kazi yake mwenyewe. Akanyamaza. Nikasikia akivuta pumzi. Mwisho akasema neno moja: «Wheat», yaani ngano. Kisha akamwambia mdogo wangu maneno kwa Kituruki, na mdogo wangu akanigeuzia: «Yaya, anasema anasikia yote uliyosema, lakini hawezi kusema.»

Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka Padri aliyetufundisha Kilatini seminarini. Hakutupa hata siku moja majibu ya kuchagua. Alitupa sentensi na karatasi nyeupe. Tulilalamika sana, karatasi nyeupe inatisha. Lakini alisema kwamba juu ya karatasi nyeupe huwezi kumdanganya mwalimu, wala kujidanganya mwenyewe.

Basi nikamwandikia kijana shauri langu. Kila swali la kutafsiri, afunike majibu yote matano kwa karatasi. Aandike kwanza tafsiri yake kwa mkono wake, hata ikiwa mbaya. Ndipo afunue na kulinganisha: nimeacha nini? nimeongeza nini? Tena kila jioni aandike sentensi tatu za Kiingereza juu ya shamba la baba yake, azisome kwa sauti, mdogo wangu amsikilize. Alifanya hivyo miezi mingi. Sentensi za kwanza zilikuwa kama nyumba isiyo na nguzo. Nami sikumcheka.

Wakati huo mimi pia nilikuwa na jambo la kutengeneza. Katika kalasi yangu ya jioni mtihani wote ulikuwa wa kuchagua, kwa sababu ni rahisi kusahihisha, na kwa sababu Mtihani wa Serikali, tulio nao tangu mwaka 1967, una maswali ya namna hiyo. Kijana mmoja alikuwa wa kwanza daima. Binti mmoja, auzaye samaki, alikuwa karibu na mwisho. Mwishowe akaacha kuja. Nilisema moyoni: hana bidii. Siku moja sokoni nilimkuta akipatana bei na mfanyabiashara kutoka Uganda. Alisema Kiingereza! Nyakati za vitendo zilikuwa zimevurugika, lakini alisema, akafahamiwa, akacheka, akauza samaki wake wote. Yule wa kwanza wa kalasi alikuwa kando yangu. Mgeni alipomsalimu, alitazama chini.

Nikamwambia binti: «Dada, kwa nini uliacha masomo?» Akajibu: «Mwalimu, karatasi yako iliniambia kwamba Kiingereza changu si Kiingereza.» Sikuwa na neno la kujitetea. Mtihani wangu haukuwa wa uongo. Ulipima sarufi, na sarufi yake kweli ilikuwa dhaifu. Uongo ulikuwa wangu, kwa kuwa nilichukua namba ya sehemu nikaiita namba ya yote. Nilimwomba msamaha, naye amerudi. Sasa mtihani wangu una sehemu tatu: kuchagua, kutafsiri juu ya karatasi nyeupe, na kusema mbele yangu. Kusahihisha kunanichukua siku mbili. Sisikitiki.

Na kijana wa Ankara? Mara ya nne alipata 57.5, maswali 46. Mlango ukafunguka. Sisemi kwamba ni kwa shauri langu. Bidii ni yake, na mdogo wangu alikuwa karibu naye kuliko mimi. Lakini kilichonifurahisha zaidi si namba. Kilikuja kwangu barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, kwa mkono wake. Inaeleza jinsi baba yake anavyopanda ngano kabla ya majira ya baridi, na jinsi wanavyongoja theluji kama sisi tunavyongoja mvua. Nilihesabu makosa saba. Moja lilinichekesha: ameandika kwamba «miaka saba nakaa Ankara», kwa wakati uliopo, kosa letu sisi sote! Nililisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikamrudishia, pamoja na maswali mengine matatu juu ya ngano.

Basi, ndugu wazazi na walimu, watoto wenu wakileta karatasi ya mtihani wa lugha, furahini kwa namba zao. Zina kazi yake, na pengine zitawafungulia mlango. Lakini msikome hapo. Mfunike karatasi, mwambieni mtoto: «Haya, sasa niambie kwa maneno yako.» Na yule aliyepata namba ndogo, mwulizeni vilevile. Pengine huyo anasema, ila hakuna aliyemsikiliza.