Dawa Iliyotapikwa

Usiku mmoja hapa Koni, karibu na mto Lufira, mtoto wetu alikuwa na malaria. Tulimnywesha dawa ya dispensari; kabla ya dakika 10 akaitapika yote. Nkambo wake akasema, "Imekwisha kupita kinywani, yatosha." Tukayasadiki maneno yake, tukalala.

Asubuhi mwili wake uliwaka kama mbabula. Tukambeba mbio. Mwuguzi akatuambia, "Baba, Mama, dawa iliyotapikwa kabla ya nusu saa haikufanya kazi. Ngojeni kidogo, mpeni tena kipimo kile kile, kisha njooni mchukue nyingine, siku 3 zitimie." Akatuonyesha namna ya kusaga kidonge, kukichanganya na maji kidogo na kumnywesha polepole kwa kijiko, ameketi, tena akiisha kunyonya. "Lakini akitapika kila kitu, au akishikwa na degedege, msingoje kuche. Mleteni!"

Mtoto alipona. Wazazi wenzetu, kumpa mtoto dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa macho karibu naye, mpaka tuone kwamba dawa imetulia tumboni.