Salalah, Mji wa Ukungu na Ubani

Upepo wa kusi, ambao huku kwetu huchafua bahari na kuwafanya wavuvi wafunge vyombo vyao, haukomi kwenye upeo wa macho yetu. Huendelea kaskazini hadi pwani ya Dhofar, kusini mwa Oman, na huko hujigonga milimani ukageuka ukungu na manyunyu. Wenyeji huyaita majira hayo kharif, nayo ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Ndipo mji wa Salalah, ambao nyuma ya milima yake ni jangwa tupu, huvaa kijani, na familia za Ghuba humiminika kukimbia joto.

Sisi tulikwenda wanawake watatu na watoto watano, mwishoni mwa Septemba, ukungu ulipokwisha kuinuka na milima ingali mibichi. Twaupendekeza wakati huo kwa wenye watoto. Julai na Agosti barabara za milimani hujaa magari, ukungu huwa mzito hata dereva haoni mbele, na vyumba hupanda bei.

Aliyetutangulia kwa njia hii ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa, akaenda Kilwa, na kutoka Kilwa akapanda chombo hadi Dhofar. Huko alikuta ndizi na minazi, na dagaa wakavu wakilishwa wanyama. Magofu ya mji wa kale, Al Baleed, yangalipo ufukweni mwa Salalah. Na minazi ingalipo pia: kandokando ya barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, hata mdogo wetu wa miaka sita akauliza kama tumesharudi nyumbani.

Mezani ndiko tulikokawia. Mishikaki yao ni ile ile kwa jina na kwa moshi. Nyama ya mbuzi au ya ngamia huchomwa juu ya mawe yaliyopashwa moto, ikaiva kwa mafuta yake yenyewe, ikaletwa juu ya wali katika sinia moja. Watoto wetu, waliozoea kila mmoja na sahani yake, ilibidi wakumbushwe kwamba mtu hula mbele yake. Papa mkavu nao wanampika, ila kwa maoni yetu papa asiyetiwa tui la nazi amedhulumiwa. Halua na kahawa chungu hazihitaji maelezo kwa mtu wa Mombasa.

Bonde la Wadi Darbat lina maji, miti mikubwa na ngamia wanaochunga kama ng'ombe. Mughsail, magharibi ya mji, bahari hurusha maji juu kupitia matundu ya mwamba, na watoto hupiga kelele za furaha. Hapo washikeni mikono. Julai 2022 mawimbi yaliwachukua watu waliovuka uzio.

Wageni wengi huishia kwenye kijani. Sisi tulitaka kuuona mti wa ubani, na mti huo hauko huko. Humea upande wa pili wa milima, mahali ukungu usipofika. Wadi Dawkah, mwendo wa kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa mji, ni bonde kavu la mawe lililoandikwa na UNESCO mwaka 2000 katika urithi wa dunia, pamoja na Al Baleed. Mti wenyewe ni mfupi, wenye matawi yaliyopindana na gome linalobanduka kama karatasi. Mvunaji huuparua gome kwa kisu kidogo, utomvu mweupe ukatoka matone matone, ukaachwa siku kadhaa ugande. Mparuo wa kwanza hautoi ubani mzuri. Hungojewa wa baadaye.

Tuliyafikiria majumba yetu. Hakuna arusi bila chetezo, nguo hufukizwa, chumba cha mzazi hufukizwa, na hata mchango wa msiba tumeuita ubani. Lakini mti unaoparuliwa mno, bila kupumzishwa mwaka hata mwaka, hudhoofika na kufa, na pupa hiyo hutokana na sisi wanunuzi. Tukitaka mwingi na rahisi, mtu atauparua mti hadi ukauke.

Katika soko la Al Haffa, wauzaji wa udi na vyetezo vya udongo wengi ni wanawake. Mmoja alitutenganishia ubani kwa daraja: wa rangi ya kahawia wenye vipande vya gome, mweupe, kisha hojari, wenye kungʼaa kama kioo na ukijani kidogo ndani yake ukiuinua kwenye mwanga. Alitutaka tuutafune. Ulikuwa mchungu, kisha ukalainika mdomoni kama ubani wa kutafuna wa bibi zetu. Tulinunua robo kilo ya hojari, tukagawana watu watatu.