Chukudu ya Mtoto

Hapa Goma chukudu yajulikana na wote: ni mbao, magurudumu mawili na mpira wa gari uliochakaa. Tangu mwaka 2009 ina hata sanamu yake mjini. Mwana wetu anayo ndogo. Juzi gurudumu la mbele lilipasuka juu ya mawe yaliyotapikwa na Nyiragongo mwaka 2002. Tulitaka kuitupa. Akatuuliza: “Baba, Mtakatifu Yosefu angeitupa?” Tukaona haya. Jioni tulichonga gurudumu jipya la mkaratusi, tukalivika mpira na kuupigilia misumari, mtoto akitushikia taa. Kumbe, ndugu wasomaji, si chukudu peke yake iliyohitaji kutengenezwa: kwa miezi mingi hatukuwa tumekaa naye jioni moja nzima.