Sauti ya Usiku katika Msitu wa Sokoke

Yuko ndege katika pwani yetu ajulikanaye kwa sauti kuliko kwa umbo, nasi tulikwenda kumsikiliza.

Tulikuwa watu wanne: waalimu watatu, na kiongozi Mgiriama azijuaye njia za msitu wa Arabuko-Sokoke tangu utoto wake. Tulipiga hema ukingoni, upande wa Jilore, kwa ruhusa ya walinzi. Msitu huo, ulio kati ya Kilifi na Malindi, ni masalio ya msitu mkubwa wa zamani. Umebakia kadiri ya kilometa za mraba 420. Penye mchanga mweupe imeota mirihi, na mtu huona mbali. Penye udongo mwekundu miti ni mifupi, imesongamana, na humo ndimo akaamo yule bundi mdogo tuliyemtafuta.

Hata ilipopata saa tatu za usiku, tukiwa tumekwisha kula ugali wetu na kuzima moto, tukasikia: tuu, tuu, tuu, tuu, tuu, tuu, tuu. Sauti nyembamba kama ya filimbi, tena ya kadiri moja, wala haipandi wala haishuki. Sisi tulidhani ni yule ndege mdogo wa mchana agongaye kama mhunzi, tukasema hivyo kwa majivuno. Kiongozi akacheka, akatuuliza ni ndege gani wa mchana aimbaye gizani.

Lakini mwenzetu mmoja hakucheka. Alikuwa amemwacha mtoto nyumbani ana homa, na tangu kuzaliwa kwake amesikia kwamba bundi akilia karibu na walalapo watu ni uchuro. Akaanza kufunga mzigo wake ili aondoke usiku ule ule. Tulimsihi, hakusikia. Wala hatumlaumu, kwa maana hofu ya mzazi si jambo la kubishana nalo usiku.

Kiongozi hakumhubiri. Alimwambia tu, “Mwalimu, hesabu.” Akahesabu: saba; kisha kimya; kisha sita; kisha nane. Kiongozi akaeleza kwamba bundi mdogo wa vichakani hutoa mlio mmoja wa kukwaruza, akanyamaza kitambo, ndipo autoe tena. Na bundi mkubwa wa miti hulia kwa sauti nzito. Huyu hupiga filimbi mfululizo, na kwake ni hapa penye udongo mwekundu.

Wataalamu walimwandika ndege huyu mwaka 1966, naye alidhaniwa kuwa wa Sokoke peke yake, hata mwaka 1992 alipopatikana Tanzania, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Urefu wake haupiti shubiri moja. Jambo la ajabu ni rangi zake: mmoja huwa wa kijivu, mwingine kahawia, mwingine mwekundu kama kutu, hata mtu angedhani ni ndege watatu. Sauti yao ni moja. Sisi hatukumwona hata mmoja, ingawa tulimulika kurunzi mpaka ikafifia.

Mwenzetu alikaa mlangoni pa hema akihesabu mpaka alfajiri. Kulipopambazuka akapanda baiskeli yake, asingoje chai. Jioni tulipopita kwake tulimkuta mtoto amekaa ukumbini anakunywa uji, na baba yake akimfundisha kupiga mluzi mara saba.